Dirisha la Upogo

Mgeni akiingia katika kanisa lile kwa mara ya kwanza, Mzee Funguo humwacha kwanza ashangae. Husimama kando ya mlango, mikono nyuma, shada la funguo kidoleni, akingoja mtu ainue uso. Na mtu huinua, maana jengo lenyewe halifanani na makanisa mengine. Mlangoni paa liko chini, mtu mrefu akinyoosha mkono analigusa. Kisha linapanda, linapanda, zege tupu lisilo na nguzo hata moja katikati, hadi juu ya altare, ambako ukitazama unashika kofia isidondoke. Sakafu imekunjuliwa kama upepeo, na mabenchi yote, hata la mwisho kabisa, yanamtazama padre usoni. Kuta hazikupigwa lipu wala rangi. Ukizisogelea unaona mistari na vifundo vya mbao vilivyobaki kwenye zege tangu siku lilipomwagwa.

Mgeni akishashiba kwa macho, mzee huanza. Anaijua historia ya parokia ile kuliko madaftari ya ofisini. Atakwambia pale palikuwa na banda la mabati ambalo mvua ikinyesha mahubiri yamekwisha, maana hakuna anayesikia neno. Atakwambia juu ya padre aliyechora ramani kwa mkono wake mwenyewe, mtu mwembamba, mbishi, aliyesomea ujenzi kabla ya kusomea upadre. Kina mama wa parokia waliitazama ile ramani wakauliza, "Baba, hili ni kanisa au ghala la mahindi? Mnara uko wapi?" Padre akawajibu kwamba mnara ni wa kutazamwa na walio mbali, na yeye anataka watu watazamane wao kwa wao. Kina mama hawakuridhika. Walibeba kokoto huku wakinung'unika, wiki baada ya wiki, mpaka msingi ukajaa. Hapo wageni hucheka kidogo. Kicheko chenyewe bado.

Kinakuja wakifika kwenye dirisha. Ni mwanya mmoja mrefu katika ukuta wa mashariki, upana wa mabega ya mtu, kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa chake, umetiwa vioo vya manjano na vyekundu. Padre alitaka jua la saa tatu, saa ya Misa kubwa, lipite hapo na kuiangukia altare. Lakini mwanya uko karibu na mlango, na jua linaangukia benchi la mwisho, ambalo hakuna anayelitaka kwa kuwa linaumiza macho.

"Mnaona?" mzee husema, akishusha sauti kama anayetoa siri. "Seremala wetu jana yake alikuwa na chupa. Akaamka, akachukua sanduku la dirisha, akalipigilia alikodhani ni altareni. Kumbe ni mlangoni! Ndiyo maana Mungu wa parokia yetu huwaangazia wachelewaji."

Watu huvunjika mbavu. Nao wakitoka hapo huwasimulia wengine, na wengine huja wenyewe kulitazama dirisha.

Seremala huyo yu hai. Ni shemeji yake Mzee Funguo, kaka wa tumbo moja wa mke wake. Parokia nzima inamwita Upogo, yaani aliyekwenda upande, na wengi hawajui kama ana jina jingine. Mama akimwona mwanawe amekosea vifungo vya shati humuuliza, "Nani kakuvisha, Upogo?" Fundi cherehani akiharibu kitambaa husema amekata ki-Upogo. Mwenyewe huja Misa ya saa tatu kila Jumapili, akaketi kwenye lile benchi la mwisho, macho ameyafinya, hadi jua lipite.

Na kosa halikuwa lake. Lilikuwa la Mzee Funguo. Acha tulieleze lilivyokuwa, maana yeye mwenyewe lilimchukua miaka hamsini kulisema.

Wakati huo hakuwa mzee wala hakuwa na funguo. Alikuwa mwashi wa miaka ishirini na minne, mwepesi wa mkono na wa mdomo, aliyepewa usimamizi wa mafundi kwa sababu alijua kusoma ramani. Wiki ile mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Seremala alikuja jioni kumwona mpwa wake, akaja na chupa, na wakanywa wote wawili. Aliyekunywa zaidi ni mjomba mtu, kwa furaha.

Asubuhi mwashi alichukua ramani akaenda kupima. Ndani kulijaa jukwaa na mbao, hapapitiki, basi akapimia nje. Ramani ilionyesha ukuta ule kama anavyouona mtu aliye ndani: altare kushoto, mlango kulia. Yeye alikuwa nje, ambako kushoto ni mlangoni. Akavuta tepu kutoka kushoto kama ilivyoandikwa, akachora kwa chaki juu ya msingi msalaba mahali pa dirisha, na upande wa pili akachora duara mahali pa tundu la bomba la maji ya mvua. Akakunja ramani, akaenda zake kugombana na wachanganya zege. Seremala akaja na masanduku yake mawili ya mbao ya kuzuia zege lisijaze nafasi, la dirisha na la tundu, akalipigilia kila moja kwenye alama yake. Zege likamwagwa.

Wiki ya tatu mbao zilipofunguliwa, mwashi alikuwa wa kwanza kuona. Aliuona mwanya, akaona altare itakuwa wapi, akatambua kwamba alipima akiwa nje. Padre alikuwa kwa askofu, angerudi mchana. Pale chini palikuwa na gunia bichi la kufunikia zege lisikauke haraka. Akaliokota, akaisugua ile chaki, msalaba na duara, mpaka hapakubaki hata vumbi lake.

Padre aliporudi aliuliza nani alilipigilia sanduku.

"Ni shemeji, Baba," mwashi akasema. Mpaka hapo hakuwa amesema uongo.

"Nilifuata alama ya msalaba," seremala akasema.

"Msalaba niliuchora upande wa altare, shemeji. Siku ile kichwa chako kilikuwa bado kimo ndani ya chupa."

Vibarua wakacheka. Hicho kilikuwa kicheko cha kwanza.

Seremala aliinama akautazama msingi, asione alama. Akajaribu kukumbuka asubuhi ile, nayo ilikuwa asubuhi yenye ukungu kichwani. "Labda," akasema. Angelibisha, angeliita mafundi wengine, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini alisema labda, na padre akalichukua hilo kuwa jibu. Ukuta haukuweza kuvunjwa, nondo zake zilikwisha kushikana na za paa, na askofu alikuwa amepanga siku ya kulitabaruku kanisa. Tundu la bomba lililotokea karibu na altare likazibwa. Seremala akaambiwa asirudi kesho yake.

Mwashi alinuia kusema. Alinuia kusema baada ya kutabaruku, kisha mtoto akishaota meno, kisha padre akishahamishwa, maana kumwambia padre mgeni ni rahisi zaidi. Akaja padre mgeni, naye akahamishwa. Kila mwezi mwashi aliingia katika kiti cha maungamo, hatua chache kutoka lile dirisha, akataja hasira, akataja uvivu, akataja kumtazama sana muuza duka wa pale kona, na lile akaliruka. Alitoka hapo kila mara akiwa amejiongezea dhambi, na alilijua hilo. Kisha siku moja, mbele ya wageni fulani, akaitoa ile hadithi ya chupa kwa mzaha, watu wakacheka, na akaona kwamba anayechekesha hakuna anayemuuliza maswali. Tangu hapo hakuiacha. Aliitia chumvi, akaipiga msasa kama fundi anavyopiga msasa ubao, na alipostaafu uashi akapewa funguo za kanisa ili aendelee kuisimulia.

Mwaka wa jubilei ya miaka hamsini, paroko, kijana mwenye haraka, alitaka kitabu cha historia ya jengo. Akamwita binti mmoja mchora ramani apime kanisa lote upya. Binti alikuja na kifaa kidogo cha mwanga mwekundu na ile ramani ya zamani, aliyoikuta nyuma ya kabati la sakristia, chumba cha mavazi ya padre. Alipima siku mbili. Siku ya tatu alimwita mzee dirishani.

"Babu, huyu seremala hakuwa amelewa."

"Alikuwa amelewa. Nilikuwepo."

"Labda alikunywa. Ila tazama. Kule karibu na altare kuna tundu lililozibwa, na hapa ndipo lilipo dirisha. Vimebadilishana, kwa vipimo vilevile, hata inchi haikupotea. Mlevi gani anakosea sawasawa namna hii? Huyu aliyepima alisimama nje na ramani iliyochorwa kwa ndani." Akafungua daftari. "Nani alipima?"

Sikio moja la mzee lilikuwa linawaka moto. Umri wake miaka sabini na minne, meno yake sita, wajukuu kumi na mmoja, na mbele yake kulikuwa na mtoto wa watu mwenye penseli ambaye hangemdhuru kwa lolote. Ni neno moja tu lilikuwa linatakiwa.

"Alishafariki," akasema. "Siku nyingi."

"Mungu amrehemu," binti akasema huku akiandika.

"Amina," akaitikia.

Yaani alijiua, akajizika na akajiombea, yote kabla ya chai ya saa nne. Akaenda kukaa nyuma ya sakristia, kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaona haya hata ya kujishika uso.

Alhamisi paroko alimwita. "Mchora ramani ana nadharia yake," akasema, "lakini kama aliyepima alishafariki, nani atathibitisha? Tutaiandika ya kwako, mzee. Watu wanaipenda. Seremala nitamwandika kwa jina lake la ubatizo, si vizuri kitabu cha kanisa kuandika Upogo. Jumatatu kinakwenda kwa mpiga chapa. Na Jumapili utasema machache wakati wa matangazo, uwatie watu hamu."

Mzee alitoka ofisini akiwa na jambo moja kichwani. Maneno ya mdomoni yangekwisha siku yeye na shemeji yake wakifa. Kitabu kingebaki. Wajukuu wa seremala wangelisoma jina la babu yao pamoja na ile chupa, limepigwa chapa.

Ijumaa alipiga moyo konde akaenda. Karakana ya seremala ni kibanda nyuma ya nyumba yake, na ndani kuna vigoda na mabenchi tu. Tangu afukuzwe kazi ya kanisa hajawahi kutengeneza dirisha. Mtu akija na kazi hiyo humwelekeza kwa wengine na kumwambia, "Mimi na madirisha tuligombana." Mzee alimkuta anapima ubao. Akapima, akatia alama kwa penseli. Akapima tena. Akasogea pembeni, akarudi, akapima mara ya tatu, ndipo akaushika msumeno. Mzee alikuwa akiyaona hayo miaka yote na kuyafanyia utani.

"Shemeji, ile alama niliichora mimi mwenyewe upande wa mlango."

"Alama gani?"

"Ya dirisha. Msalaba. Wewe ulipigilia palepale nilipochora. Halafu nikaifuta kwa gunia."

Seremala aliketi juu ya benchi ambalo halijapigwa randa.

"Palepale?"

"Palepale, hata inchi haikupotea."

"Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa, shemeji."

Seremala aliugeuza mkono wake, akautazama kiganjani, akautazama mgongoni. "Nimeubishia huu mkono miaka hamsini," akasema.

Mzee alijaribu kupiga magoti. Goti moja lilikubali, la pili likagoma, akabaki hivyo, nusu anasali nusu anaanguka.

"Inuka, utachafua suruali." Sauti ya seremala haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomtesa mzee zaidi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa njia nzima. "Dada yangu anajua?"

"Hajui."

"Basi anza na yeye. Kabla ya padre, kabla ya mtu yeyote. Sikuombi kingine."

"Nitamwambia leo."

Leo hiyo mke wake alikuwa anaumwa jino, na nani anamwambia mtu jambo kama hilo jino likimuuma. Jumamosi jino lilipoa. Mke wake alikuwa anapiga pasi shati jeupe la mume wake kwa ajili ya kesho, anainyoosha kola kwa vidole kabla ya kuikandamiza.

"Mama watoto."

"Nini?"

"Unajua, hili shati..." Akameza mate. "Angalia pasi isiunguze."

"Nimekupigia pasi tangu hujaota mvi, leo ndiyo niunguze?"

Basi akatoka nje. Akajiambia kwamba kesho atasema mbele ya watu wote, na mke wake atakuwa miongoni mwao, kwa hiyo itakuwa ni kama amemwambia. Mtu akitaka kukimbia hakosi njia, na huyu njia zake alikuwa amezizoea.

Jumapili baada ya komunyo paroko alimkabidhi kipaza sauti. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Mke wake alikuwa benchi la pili mbele. Seremala alikuwa kule nyuma, mahali pake.

"Mnalijua dirisha letu," mzee akaanza.

Vicheko vikaanza hapohapo. Hata mwanakwaya mmoja alimgusa mwenzake kwa kiwiko, ngoja, sasa hivi.

"Seremala hakuwa amelewa."

Wakacheka zaidi.

"Aliyepima vibaya ni mimi."

Hapo kanisa likalipuka. Paroko mwenyewe aliinamisha kichwa, mabega yanatetemeka. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka katikati, "Leo mzee kaja na mpya!" Mke wake pia alikuwa anacheka, kiganja mdomoni, kama alivyocheka siku zote. Mzee aliwatazama. Aliwafundisha mwenyewe, nao walikuwa wanafunzi wazuri. Jasho likamshuka mgongoni ndani ya lile shati jeupe, na laiti ardhi ingepasuka angeingia bila kuaga.

"Sitanii," akasema. "Nilichora alama mahali pasipo pake. Nikaifuta. Nikamwangushia shemeji yangu jumba bovu, akafukuzwa kazi, na mimi nikabaki. Binti aliyekuja kupima alipoligundua, nikamwambia aliyekosea amekufa. Ni mimi. Nimewadanganya miaka hamsini."

Kicheko hakikuzimika mara moja. Kilikatika mbele, kikaendelea nyuma kidogo, kikabaki kwa mtu mmoja upande wa kulia ambaye hakuwa amesikia vizuri, kisha naye akanyamazishwa. Kiganja cha mke wake kilikuwa bado mdomoni. Alikiondoa. Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka katikati ya mabenchi, na ndala zake zikasikika kila hatua juu ya ile sakafu mpaka kule mwisho. Kaka yake akasogea akampa nafasi.

Misa ilipokwisha watu walimzunguka seremala. Paroko alikwisha kusema kwamba kitabu kitaandikwa upya. Mwenyekiti wa parokia alimwita seremala kwa jina lake la ubatizo, na mara ya kwanza hakugeuka. Hakujua ni yeye.

Mzee alisubiri getini. Wachache walimpa mkono. Mmoja alimwambia amefanya jambo la kiume, mwingine kwamba kuungama hadharani si mchezo. Akaitikia kwa kichwa huku akitazama juu ya mabega yao, akimtafuta mke wake. Alimwona anakuja, ameshikana mkono na kaka yake. Akamwacha kaka yake hatua chache nyuma, akaja peke yake.

"Mama watoto, nilitaka kukwambia. Tangu juzi..."

"Juzi."

"Nilishindwa."

"Wageni wote uliowaleta nyumbani kula," akasema, "uliwasimulia mezani kwangu. Na wewe ukisahau mahali, mimi ndiye niliyekukumbusha. Lile la chupa. Lile la wachelewaji ni langu, mimi ndiye niliyekutungia, ukafurahi, ukasema nina kipaji." Hakuwa analia. Aliyasema polepole, moja moja, kama mtu anayekusanya nguo zake kutoka kwenye kamba. "Wanangu nimewalea wakimwita mjomba wao Upogo. Sikuwakataza, kwa sababu niliamini. Yeye alikuwa anakuja, anakula, anasikia, anarudi kwake."

"Nisamehe."

"Wewe ulijua unamcheka mtu asiye na kosa. Mimi hukunipa hata hilo. Ulinifanya nimcheke kaka yangu kwa moyo mweupe."

Akageuka, akamshika tena kaka yake mkono, wakaondoka kwa njia ya kwenda nyumbani kwake seremala.